Mgonjwa wa Sonona Naye Ajuliwe Hali

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo analipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Sheria haikusema ugonjwa huo lazima uwe wa tumbo, wa mgongo au wa moyo. Sonona imo. Wasiwasi uliopitiliza umo. Mtu aliyeishiwa nguvu kwa msongo wa miaka mingi kazini anayo haki ya kukaa nyumbani apone, sawasawa na aliyefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo.

Haki hiyo imeandikwa vizuri. Lipo swali ambalo sheria hailijibu, na mara nyingi daktari na ofisa utumishi nao hawaligusi: mgonjwa huyo afanye nini kuanzia saa tatu asubuhi, watoto wakishakwenda shule na wakubwa kazini, hadi jioni watu warudi? Anaondoka kliniki na karatasi, pengine na dawa, tarehe ya kurudi, na agizo moja tu: apumzike. Nimeipitia likizo ya namna hiyo, na nimezungumza na wengine walioipitia, walimu, wahasibu na wauguzi. Simulizi zao zinafanana. Baada ya majuma ya mwanzo, kilichowatesa hakikuwa tena kazi waliyoiacha. Zilikuwa siku ndefu zisizo na kitu, na mlango ambao hakuna mtu aliyeubishia hodi.

Ninaandika kuwatetea watu hao. Kuboeka na upweke katika likizo ya afya ya akili si deko la mtu anayelipwa akiwa amelala, wala si ushahidi kwamba hakuwa mgonjwa. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na visipotibiwa vinaurefusha. Tena tiba yake haiko mikononi mwa mgonjwa peke yake. Sehemu kubwa iko kwetu sisi tulio wazima.

Siku za mwanzo huwa na nafuu yake. Mtu aliyekuwa akiamka usiku wa manane kuhesabu madeni ya kazi sasa analala hata mchana. Halafu usingizi unakwisha. Anaamka, anasikia honi za daladala na makonda wakiita abiria, na anagundua kwamba hakuna anayemsubiri popote. Saa nne inakuwa kama saa nane. Jumatano haina tofauti na Jumamosi.

Hali hii ilichunguzwa zamani, kwa watu waliokuwa nyumbani bila likizo wala mshahara. Karibu na Vienna, nchini Austria, kulikuwa na kijiji cha Marienthal kilichoishi kwa kutegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, karibu kijiji kizima kilibaki bila ajira. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, pamoja na wenzao, walikwenda kuchunguza maisha ya pale, na mwaka 1933 wakachapisha waliyoyaona. Wanakijiji walikuwa na muda tele. Ungetarajia wasome, wacheze, wafanye yale waliyokuwa wakisema hawana nafasi nayo. Ikawa kinyume. Vitabu walivyoazima maktabani vilipungua. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimama kila mara, kwa kuwa hawakuwa na waendako. Walipotakiwa kueleza siku yao imepitaje, walikuwa na machache mno ya kusema. Wanawake, waliobaki na watoto wa kulisha na nyumba za kuendesha, walitembea kwa haraka zaidi.

Jahoda aliendelea kuyatafakari hayo kwa miaka mingi. Alieleza kwamba kazi humpa mtu mambo matano zaidi ya mshahara: huigawa siku yake, humkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, humshirikisha katika lengo la wengi, humpa nafasi mbele ya jamii, na humlazimisha kushughulika. Ukimtoa mtu kazini, hata kwa nia njema na kwa amri ya daktari, umemnyima yote matano kwa mpigo mmoja. Mzigo uliokuwa ukimuumiza umeshuka, na pamoja nao yameondoka yale yaliyokuwa yakimsimamisha.

Kwa mwenye afya, hilo lina dawa nyepesi: akiboeka hutafuta la kufanya. Hicho ndicho hasa mgonjwa wa sonona anachoshindwa. Anatamani kuwa na hamu, na hamu haiji. Anafungua kitabu, anasoma aya ileile mara tatu, hakuna kinachoingia. Anawasha televisheni, filamu inakwisha bila yeye kujua nani alimuua nani. Inabaki simu. Anapitisha kidole juu ya picha za sherehe na safari za watu hadi betri inazima, kisha anainuka akiwa amechoka kuliko alipolala. Na wakati wote huo kichwa hakikai bure. Kinarudia yaleyale: nilikosea wapi, wananionaje, nikirudi nitakikuta kiti changu?

Hapa sayansi ina neno la faraja. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn alieleza jinsi sonona inavyojilisha yenyewe. Mtu akihuzunika hupunguza kutenda. Akipunguza kutenda hukosa yale madogo yaliyokuwa yakimpa raha au fahari. Akiyakosa huhuzunika zaidi. Tiba iliyojengwa juu ya wazo hilo haisubiri hamu. Mgonjwa na mshauri wake hupanga vitendo vidogo, kwa siku na kwa saa, na vitendo hivyo hufanywa hamu iwepo isiwepo, kwa sababu hamu ndiyo inayofuata nyuma. Huko Goa, India, watafiti, akiwamo Vikram Patel, waliwafundisha watu wasio wataalamu kuitoa tiba ya namna hiyo katika vituo vya afya vya msingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, kutokana na wagonjwa 495, yalionyesha kuwa waliopata ushauri huo pamoja na huduma ya kawaida walipata nafuu zaidi ya walioachiwa huduma ya kawaida peke yake.

Kwa mgonjwa wa Mbagala au wa Mbeya, maana yake si ngumu. Siku ipangwe jioni ya kuamkia, si asubuhi, kwa kuwa kwa wengi asubuhi ndiyo saa ambayo sonona hulemea zaidi na uamuzi wowote huonekana mlima. Kuamka kuwe na saa yake, na akishaamka aoge na kuvaa nguo za kutokea. Kuwe na jambo moja la mwili: kutembea hadi sokoni na kurudi kabla jua halijawa kali, au kukimbia polepole na moja ya vikundi vya jogingi vinavyopita mitaani Dar es Salaam asubuhi za mwisho wa juma. Kuwe na jambo moja la mikono ambalo likiisha linaonekana: tuta la mchicha lililopaliliwa, shati lililoshonwa kifungo, ukili uliosukwa, sufuria ya maharage iliyoiva. Na kuwe na jambo moja linalomkutanisha na mtu, hata likiwa la dakika kumi. Likishindikana lote, lifanywe nusu. Anayeweza kufika getini tu leo, afike getini.

Dawa za hospitali ziendelee pembeni ya hayo, na kliniki isikosekane. Likija wazo la kujidhuru au la kutamani kufa, hapo ratiba na matembezi viwekwe kando. Mgonjwa amwambie mtu aliye karibu naye, na mtu huyo asimwache peke yake, ampeleke hospitali saa hiyohiyo.

Kikwazo kikubwa cha ratiba hiyo huwa ni macho ya watu. Mgonjwa anaogopa kuonekana. Akikutana na mfanyakazi mwenzake Kariakoo ameshika mfuko wa nyanya, kesho ofisi nzima itasema kumbe anatutania, mbona mzima. Akipiga picha ufukweni Coco, wako watakaoihifadhi. Kwa hofu hiyo anajifungia ndani ili ugonjwa wake uaminike, na kujifungia huko ndiko kunakouzidisha. Aliyevunjika mguu akionekana akijifunza kutembea kwa magongo, hakuna anayemtuhumu kwamba mguu haukuvunjika, tunamshangilia. Matembezi ya mgonjwa wa sonona ni mazoezi ya kiungo kilichovunjika. Mwajiri anayeyachukulia kuwa utoro anazuia tiba anayoilipia mwenyewe.

Sasa niseme juu ya upweke, maana hapo ndipo tunapodaiwa zaidi.

Mtu akilazwa kwa malaria kali au kwa ajali, tunajua la kufanya. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, malango ya hospitali hujaa watu wenye hotipoti za uji na mtori, mifuko ya machungwa, shuka safi. Ofisini hupitishwa mchango, na huteuliwa wawili wakawakilishe wengine. Majirani hupokezana kumpikia nyumbani kwake. Wageni wa mbali wanaotutembelea hushangazwa na moyo huo, nasi tunauona wa kawaida kwa sababu tumekulia ndani yake.

Mtu huyohuyo akipewa likizo kwa sababu ya sonona, kunakuwa kimya. Hakuna hotipoti. Wenzake wanaambiana kwa chini kwamba ana matatizo, na wanamwacha kwa kile wanachokiita heshima. Wengine wanaogopa kwamba hawatajua la kusema. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, ambako watu wengi wamepata kupona, jina lake tumeligeuza kuwa tusi la mitaani. Basi mgonjwa naye anaaga ofisi akisema ana presha, au ana vidonda vya tumbo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi tunaitumia methali hiyo kumlaumu anayeficha. Tungejiuliza pia nani aliyemfanya aone kuficha ni salama kuliko kusema.

Upweke una tabia moja inayoufanya uwe mgumu kwa aliye ndani yake. John Cacioppo, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyefariki mwaka 2018, alionyesha kwamba mtu mpweke akili yake huanza kuwatazama wengine kwa tahadhari, ikitafuta dalili za kukataliwa. Ujumbe usiojibiwa kwa saa mbili unakuwa ushahidi kwamba ametupwa. Salamu fupi inakuwa dharau. Kwa hiyo yule anayehitaji watu zaidi ndiye anayejiondoa kwao. Kumwambia, “Ukihitaji chochote utanipigia,” ni kumpa kazi asiyoiweza. Simu ile hataipiga. Anayepaswa kuanza ni mwenye afya.

Na hili si jambo la huzuni tu. Tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia uhusiano wa watu na wenzao ilitoa ripoti katikati ya mwaka 2025 ikisema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na ikakadiria vifo vinavyohusiana nao kuwa zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Tumezoea kudhani hayo ni ya Ulaya, kwa wazee wanaokaa peke yao kwenye ghorofa. Lakini mtu anaweza kuwa mpweke Manzese, katika nyumba ya vyumba kumi, uani pamejaa wapangaji, kama hakuna hata mmoja anayejua anapitia nini.

Afrika yenyewe imetoa mojawapo ya majibu mazuri kuliko yote. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha bibi wa mitaani mjini Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kulitatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa katika zahanati 24 kwa watu 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache sana za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umevuka mipaka ukafika Malawi na hata Zanzibar. Kinachonigusa zaidi ni kinachofuata baada ya benchi. Wagonjwa hualikwa kwenye vikundi vinavyokutana mara kwa mara, na humo hufuma mikoba kwa plastiki zilizokwisha kutumika, huku wakizungumza. Mikono ina kazi, siku ina miadi, na kuna watu. Kuboeka na upweke vinatibiwa kwa mkao mmoja.

Nilikuja kuielewa nguvu ya jambo hilo kwa jirani yangu, mama mtu mzima anayeuza vitumbua. Nilipokuwa nyumbani, jioni moja aliniita: “Mwanangu, njoo unichambulie mchele, macho yangu hayaoni tena kwa taa hizi.” Nikaenda. Hakuniuliza naumwa nini. Alinipa ungo na kigoda, akaendelea na habari zake za bei ya sukari na mjukuu aliyefaulu. Kesho yake akaniita tena, na tena. Baada ya muda nikajikuta mchana naisubiri jioni. Nilikuwa na pa kwenda, na mchele wa watu waliokuwa wakila vitumbua asubuhi ulikuwa umepita mikononi mwangu. Siku nilipotaka kusema yaliyonikuta, nilimwambia yeye kwanza.

Naijua hofu ya wanaosita. Wapo wagonjwa wanaotaka kuachwa wapumue, na kuwavamia ni kuwaumiza. Ziko pia ziara zinazodhuru: anayekuja kuhubiri kwamba ungekuwa na imani usingeumwa, anayesema jikaze wenzio wana makubwa zaidi, anayekuja kupeleleza ili akasimulie. Dua na sala zimewashika mkono wagonjwa wengi na ziendelee kuwashika, ila zisigeuzwe mtihani wa imani. Na yuko rafiki anayedhani dawa ni bia, wakati pombe huongeza sonona na huharibu usingizi uliokuwa umeanza kurudi.

Haya yote yana jibu moja: uliza kwanza, kisha nenda kidogo, na rudi. Tuma ujumbe: “Nataka kuja Jumamosi saa kumi, tukae nusu saa. Nije?” Akisema hapana, kubali, na juma linalofuata uliza tena bila kununa. Ukienda, chukua jambo la kufanya pamoja, karata, bao, mboga za kuchambua, safari ya kwenda dukani. Usimuulize atapona lini. Habari za ofisini zisianze kwako. Nusu saa ikiisha, aga, na utaje siku utakayorudi. Siku hiyo iliyotajwa ni dawa kwa sababu inaipa wiki yake alama. Tuna vikoba, kwaya, madarasa ya msikitini na vijiwe vya kahawa vinavyokutana kwa ratiba mwaka mzima. Kila kimoja kinaweza kumwachia mgonjwa nafasi ya kukaa bila kuhojiwa.

Waajiri nao wasijifiche nyuma ya cheti cha daktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka, hasara ya kama dola trilioni moja. Miongozo yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini inashauri kwamba aliye likizo kwa sababu hizo apate tiba pamoja na mpango wa kumrudisha kazini. Mpango huo uanze siku ya kuaga. Akubaliane na ofisi ni mtu gani mmoja atakayewasiliana naye, mara ngapi, na kuhusu nini. Aondolewe kwenye kundi la WhatsApp la kazi akitaka, bila kuonekana kajitenga. Asitumiwe “kakazi kadogo” ka kumalizia. Na kurudi kuwe kwa hatua, siku chache kwanza au saa chache, kabla ya mzigo wote.

Yapo pia ya fedha. Siku ya 64 mshahara unapokuwa nusu, wengi hurudi kazini kabla hawajapona, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Kwa Kenya, ambako Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka, haraka hiyo ni kubwa zaidi, isipokuwa kwa wale ambao mikataba yao inawapa ziada. Ukichanganya hofu ya fedha na siku zisizo na mtu wala shughuli, utaelewa kwa nini mtu anatoka likizo akiwa amepumzika mwili tu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. Daktari anayeandika “apumzike” aongeze ukurasa mmoja wa ratiba, na aulize nani atakuwa akimtembelea mgonjwa wake. Ofisa utumishi anayepokea cheti atafute mtu mmoja wa mawasiliano kabla mgonjwa hajatoka getini. Na wewe ambaye ofisini kwako kuna meza isiyo na mtu tangu mwezi uliopita, ambayo watu wanaitaja kwa sauti ya chini, mtumie mwenye meza ujumbe leo, umuulize kama unaweza kufika Jumamosi. Kumjulia mgonjwa hali ni desturi tuliyorithi, na waliotuachia hawakuweka sharti kwamba kwanza tuoneshwe maradhi yako sehemu gani ya mwili.